Hesabu ya Wekundu na Hakika Yake

Katika mambo ambayo zama zetu zimeyafanya mepesi hata watu wakaacha kuyataamali, limo jambo la kuiita rangi kwa hesabu. Msanifu wa tovuti atakaye wekundu ulioiva, ule ambao Waswahili huuita damu ya mzee, haendi kwa mtia rangi, wala hachemshi magome, wala hangoji kitambaa kikauke juani. Huandika alama ya reli na baada yake tarakimu sita, 800000, na papo hapo, katika kioo kilicho mbele yake na katika vioo vya watu asiowajua, katika miji asiyopata kuifika, rangi ile hudhihiri. Akitaka wekundu mkali usio na mchanganyiko huandika FF0000; akitaka ule unaoelekea kidogo kwenye zambarau, ambao zamani watu waliutoa katika miili ya wadudu wadogo waliokaushwa na kusagwa, huandika DC143C. Amri ni fupi, utii ni wa haraka, na makosa ni nadra. Na kwa sababu hiyo imekuwa wepesi kwa akili kutoka katika neno la kweli, kwamba hesabu hii huleta wekundu, ikaangukia neno lisilo kweli, kwamba hesabu hii ndiyo wekundu wenyewe. Makala haya yanauliza juu ya tofauti iliyo baina ya maneno hayo mawili, nalo si swali la mafundi peke yao, maana wanafalsafa na wanazuoni wa dini walilijua na kulishindania kabla ya kuwapo mashine ya kuhesabu.

Yafaa kwanza kuijua hesabu yenyewe, kwani kuhukumu kitu usichokijua ni dhuluma hata kama kitu hicho ni tarakimu. Zile sita ni jozi tatu: jozi ya kwanza ni ya nuru nyekundu, ya pili ni ya nuru ya kijani, na ya tatu ni ya nuru ya buluu. Hesabu yake haiendi kwa makumi kama hesabu ya sokoni, bali kwa kumi na sita, na kwa kuwa tarakimu zetu huishia tisa, herufi A mpaka F zimeazimwa zisimame mahali pa kumi mpaka kumi na tano. FF, basi, ni kumi na tano mara kumi na sita, na kumi na tano juu yake, yaani 255, na hapo ndipo kikomo; na 00 ni taa iliyozimwa. Kila taa ina daraja 256, na daraja za taa tatu zikizidishwa pamoja hutoa rangi 16,777,216. DC143C ikifasiriwa ni nyekundu 220, kijani 20 na buluu 60. Na 800000 ni nyekundu 128, na taa mbili nyingine hazikuwashwa kabisa. Hii ya mwisho ilikuwa miongoni mwa rangi 16 tu zilizopewa majina katika kanuni za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, zilizotolewa mwaka 1997, nazo nyingine zote, mamilioni kwa mamilioni, ziliachwa zitajwe kwa hesabu.

Aliyeisoma hesabu hiyo kwa utulivu ataona kwamba haina neno lolote juu ya wekundu. Maneno yake yote ni juu ya taa. Wanazuoni wa balagha, waliojishughulisha kuyapanga maneno ya wanadamu katika mafungu yake, walisema kwamba maneno ni ya namna mbili: ama ni habari, ambayo mwenye kuitoa aweza kuambiwa amesema kweli au amesema uongo, ama ni amri na maombi na mfano wa hayo, ambayo hayaingiwi na kweli wala uongo, bali hutiiwa au huasiwa. Tarakimu sita za msanifu ni za fungu la pili. Hazisemi kwamba wekundu ni kitu gani. Zaamuru taa hii iwake kwa kadiri hii, na zile mbili zikae gizani. Simu mbovu ikionyesha rangi ya udongo mahali pa damu ya mzee, hatuwezi kusema kwamba hesabu imesema uongo. Twasema simu imeasi. Na mtu anayeijua amri kwa herufi zake zote, hata akaweza kuitoa usiku na mchana bila kukosea, hajawa kwa ujuzi huo mjuzi wa hakika ya kitu kinachotokea amri yake inapotiiwa.

Tena iko dalili nyingine, iliyofichama ndani ya hesabu yenyewe, ya kwamba kipimo hiki hakikuwekwa kwa ajili ya nuru peke yake. Asiyejua atadhani kwamba taa iliyoamriwa 128 hutoa nusu ya nuru ya taa iliyoamriwa 255. Sivyo. Kwa kanuni iitwayo sRGB, ambayo Hewlett-Packard na Microsoft, kampuni mbili za Marekani, ziliipendekeza mwaka 1996, na ambayo ilithibitishwa kuwa kanuni ya mataifa mwaka 1999, taa ya 128 hutoa kama sehemu 22 tu katika mia za nuru ya taa iliyowaka yote. Hali hiyo ilirithiwa katika mirija ya televisheni za zamani, ambayo tabia yake ilikuwa karibu na hiyo. Lakini ilihifadhiwa kwa sababu iliafikiana na tabia ya jicho, ambalo hutambua tofauti ndogo katika giza kuliko linavyozitambua katika mwanga mwingi, na kwa hiyo ilikuwa busara daraja zikaribiane pale jicho lilipo kali na ziachane pale lilipo butu. Hesabu ambayo watu huidhani kuwa imejitenga na mwanadamu na kusimama peke yake, imepindwa tangu mwanzo ilifuate jicho lake. Na atakaye kujua mamlaka yake yametoka wapi hana budi kuliuliza jicho.

Kuulizwa huko kulifanyika Uingereza katika miaka ya mwisho ya 1920. Mwanasayansi William David Wright aliwaketisha watu 10, mmoja baada ya mmoja, mbele ya chombo chake, na John Guild, akifanya kazi mbali naye, aliwaketisha 7. Kila mmoja alitazama uwanja mdogo uliogawanyika nusu mbili: nusu moja ina rangi ya kujaribiwa, na nusu ya pili ina mchanganyiko wa nuru tatu, nyekundu, kijani na buluu, ambazo zilizidishwa na kupunguzwa hata tofauti ya nusu mbili ikatoweka machoni pa mtazamaji. Matokeo ya watu hao 17 yakakusanywa, na mwaka 1931 baraza la mataifa la mambo ya nuru, lijulikanalo kwa herufi CIE, lilipokutana Cambridge, liliyafanya kuwa jicho la kanuni, yaani jicho la mtu asiyekuwapo duniani, ambaye ni wastani wa hao waliokuwapo. Juu ya jicho hilo vimejengwa vipimo vya rangi vilivyofuata, na sRGB ni miongoni mwavyo. Hata wekundu wa FF0000 unaotazamwa leo Kisumu na Maskati na Toronto, mahali pake katika ramani ya rangi pamethibitishwa kwa ushahidi wa watu 17 waliokaa gizani wakatazama.

Siutaji ushahidi huo ili kuudunisha, kwani kazi ilikuwa ya uaminifu, na vipimo vilivyofanywa baadaye viliuunga mkono kwa sehemu kubwa. Nautaja kwa ajili ya swali ambalo mashahidi waliulizwa, na swali ambalo hawakuulizwa. Waliulizwa: je, nusu hizi mbili ni sawa au si sawa? Hawakuulizwa: mnaona nini? Wala haikuwezekana waulizwe, maana jibu la swali la pili lisingalikuwa na mizani ya kulipima, na mashahidi wawili wangalitoa maneno yale yale bila ya yeyote kuweza kuhakikisha kwamba wameshuhudia jambo moja. Ilimu yote ya kupima rangi, kwa adhama yake na manufaa yake, imesimama juu ya neno moja, sawa, na kinyume chake. Hujua kwamba wekundu huu ni sawa na wekundu ule. Hujua ni kwa kadiri gani hauko sawa. Haijui, wala haikupata kudai kwamba yajua, wekundu ni nini kwa yule auonaye. John Locke, katika kitabu chake juu ya fahamu ya mwanadamu kilichotoka mwaka 1690, alikwisha kuliona jambo hili zaidi ya miaka mia mbili kabla ya baraza la Cambridge, alipofikiri kwamba yamkini ua la zambarau humwonekea mtu mmoja kama vile ua la manjano linavyomwonekea mwingine, na wote wawili wakaishi umri wao wote wakiyaita maua kwa majina yale yale, wakiyatenga bila kukosana, na tofauti iliyo baina yao isijulikane abadan. Watu hao wawili wangaliketi mbele ya chombo cha Wright wakatoa ushahidi mmoja.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mastaajabu ya bure, na kwamba wekundu si kitu ila ni wimbi la nuru lenye urefu fulani, na kinachobaki ni mawazo ya mtazamaji. Kauli hii ina nasaba kubwa. Galileo Galilei aliandika mwaka 1623 kwamba rangi na ladha na harufu hazikai katika vitu bali katika kiumbe mwenye kuhisi, na kwamba akiondolewa kiumbe huyo nazo huondoka. Isaac Newton, aliyeutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704 kwamba miali yenyewe haina rangi, bali ina nguvu ya kuamsha hisia ya rangi hii au ile. Nakubali yote waliyoyaona watu hawa. Lakini mtu na atazame walilolifanya. Hawakuufuta wekundu, waliuhamisha. Waliutoa katika kitambaa na katika mwali wakautia katika nafsi ya mtazamaji, kisha wakahesabu vilivyobaki nje, wakafurahi kwa kuwa hesabu imetimia. Ilikuwaje isitimie, ilhali kisichohesabika kilikwisha kutolewa kabla ya kuanza kuhesabu? Na skrini yenyewe hushuhudia kwamba wimbi na rangi si kitu kimoja, maana iko nuru ya manjano yenye wimbi lake mahususi, lakini skrini za kawaida hazina taa ya manjano. Huwasha nyekundu na kijani pamoja, na jicho huona manjano ile ile. Mawimbi ni mbalimbali na kionekanacho ni kimoja. Hivyo anayesema kwamba rangi ni wimbi tu, hana budi kutuambia ni wimbi lipi.

Katika ilimu ya kalam, yaani ilimu ya kuzijadili itikadi za dini kwa hoja, iliyosomwa kwa karne nyingi katika misikiti na majumba ya masheikh wa pwani yetu kwa njia ya Abul-Hasan al-Ash'ari, mzaliwa wa Basra aliyefariki yapata mwaka 324 wa Hijra, limo neno juu ya rangi ambalo zamani lilionekana kuwa la ajabu mno. Mutakallimu, yaani wanazuoni wa ilimu hiyo, waliugawa ulimwengu ulioumbwa mafungu mawili: vitu vinavyosimama, na sifa zinazosimama juu yake, ambazo waliziita aradhi, na rangi ni mojawapo. Wakasema kwamba aradhi haidumu nyakati mbili. Huumbwa, ikatoweka, ikaumbwa mfano wake mahali pake, na Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye kila mara. Musa bin Maimun, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, naye hakuwa mfuasi wao bali mpinzani, aliyaeleza madhehebu yao kwa mfano wa nguo: kwamba nguo tuidhaniayo kuwa tumeitia rangi nyekundu hatukuitia sisi hata kidogo, bali Mungu aliuumba wekundu katika nguo ilipogusana na rangi, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi aliyoijaalia. Msomaji wa karne zilizopita, aliyeyaona mapazia yake yakikaa na wekundu wao mwaka baada ya mwaka, alikuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyeona rangi ikitoweka na kurudi.

Msanifu wa leo hana haki hiyo. Wekundu alioupanga juu ya ukurasa wake, ambao msomaji huutazama kwa utulivu kana kwamba umepakwa ukutani, katika skrini nyingi huamriwa upya mara 60 katika kila sekunde. Na amri ikikatika, hakuna wekundu wa jana uliowekwa akiba. Kinachokaa katika kumbukumbu ya mashine ni amri, yaani 800000; kinachoonekana huja na kwenda, na jicho, kwa uzito wake, huyaunganisha mapito hayo likayafanya kitu kimoja kinachodumu. Sisemi kwamba skrini imethibitisha madhehebu ya Ash'ari, maana hoja ya namna hiyo ingalikuwa dhaifu, na mwanafalsafa Ibn Rushd wa Kordoba alikwisha kuwaonya mutakallimu kwamba mwenye kuzikana sababu ameikana akili. Na hapa sababu zinajulikana, kwani fundi aweza kuzifuata kutoka katika tarakimu mpaka katika taa. Nasema neno dogo kuliko hilo, nalo ni kwamba kudumu kwa rangi mbele ya macho yetu si hoja ya kutosha kwamba kipo kitu kimoja kinachodumu, na kwamba wale tuliowadhania kuwa wamepotea katika maneno waliliona jambo linalowezekana, wakalisema bila ya kuwa na chombo cha kulionyesha. Na mwenye imani ataongeza kwamba fundi anayezifuata sababu kutoka katika tarakimu mpaka katika taa, na kutoka katika taa mpaka katika jicho, husimama hapo; safari ya mwisho, ya kutoka katika jicho mpaka katika kuona, haina fundi.

Juu ya safari hiyo ya mwisho Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, ameacha hikima iliyo wazi kuliko zote nilizosoma. Katika kitabu alichoeleza namna alivyotoka katika shaka akafikia yakini, alitenga baina ya kuijua tafsiri ya afya na shibe, pamoja na sababu zake na masharti yake, na kuwa mzima na kushiba. Akaiita namna ya pili dhauki, yaani kuonja, akasema kwamba mambo ya ndani ya njia ya masufi hayapatikani kwa masomo bali kwa huko kuonja. Mfano wake wafaa kuchukuliwa kama ulivyo katika jambo letu: kibaba hupima mchele, nacho chaweza kuwa kibaba cha haki kisichopungua hata punje, lakini hakikupatikana duniani kibaba kilichopima shibe. Tarakimu sita ni kibaba cha aina yake, chenye haki isiyo kifani, na shibe ya jicho haimo ndani yake. Mwaka 1982, yapata miaka mia tisa baada ya Ghazali, mwanafalsafa wa Australia aitwaye Frank Jackson alibuni kisa cha mwanamke aliyeitwa Mary, mtaalamu aliyelelewa katika chumba kisicho na rangi ila nyeusi na nyeupe, aliyesoma yote yanayoweza kusomwa juu ya nuru na macho na ubongo, kisha akafunguliwa mlango akaona kitu chekundu kwa mara ya kwanza. Akauliza, je, hakujifunza jambo jipya? Jackson mwenyewe baadaye aliiacha hoja aliyoijenga juu ya kisa hicho, naye alikuwa na sababu zake. Walakini swali lake halikufa pamoja na hoja yake. Mary angaliweza kuziandika DC143C na 800000 katika chumba chake bila ya kosa, akajua ni ipi yenye nuru zaidi na kwa kadiri gani, na bado angalikuwa na haja ya mlango.

Haidhuru tuseme kwamba hilo ni jambo la kubuni; liko la kweli. John Dalton, mwalimu wa Manchester aliyetukuka kwa ilimu ya atomu, alisoma mwaka 1794 mbele ya jumuiya ya wanazuoni wa mji ule maelezo ya macho yake mwenyewe, ambayo hayakuweza kutenga nyekundu na kijani kama macho ya watu wengine. Alidhani kwamba maji ya ndani ya jicho lake yana buluu inayomeza nuru nyekundu, akausia macho yake yapasuliwe atakapokufa. Alipofariki mwaka 1844 yakapasuliwa, na maji yakaonekana meupe safi. Lakini mabaki yake yakahifadhiwa, na mwaka 1995 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba alikosa moja ya rangi tatu za jicho, ile inayopokea zaidi nuru ya kijani. Dalton alikuwa Quaker, na watu wa madhehebu yake walijiepusha na mavazi ya rangi kali. Hata hivyo inasimuliwa kwamba mwaka 1834 alipelekwa mbele ya Mfalme William wa Nne amevaa joho jekundu la Chuo Kikuu cha Oxford, naye hakuona haya, kwa sababu machoni pake joho lile halikuwa na ukali wowote. Kama wekundu ni hesabu tu, Dalton alivunja ada ya watu wake. Kama wekundu ni kile kionwacho, hakuvunja lolote. Nadhani kila mwenye insafu ataona uzito wa upande wa pili, na bado atakiri kwamba waliomtazama waliona joho jekundu, na kwamba ada hukaa baina ya watu na haikai katika jicho la mtu mmoja.

Hapa ndipo falsafa inapoacha kuwa starehe ya fikira ikawa wajibu. Wenye macho ya namna ya Dalton au ya jamaa zake si wachache. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni kama mwanamume 1 katika 12, na wapo katika kila kabila. Msanifu anayeandika katika fomu ya benki au ya hospitali kwamba mahali palipokosewa pamewekwa rangi nyekundu, wala hakuongeza neno wala alama, amedhani kwamba kwa kuitoa amri amekwisha kuufikisha ujumbe. Kumbe kwa baadhi ya wasomaji wake wekundu ule umekuwa rangi ya majani yaliyokauka, na kwa wengine umezama hata ukakaribia weusi. Kwa hiyo kanuni zilizotolewa na W3C, shirika linaloweka kanuni za mtandao, mwaka 2008 kwa ajili ya kuwafikia watu wote zimekataza rangi isiwe njia pekee ya kufikisha habari, na zimetaka maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza isiyopungua 4.5 kwa 1 baina yake na mahali yalipoandikwa. Na hapo wekundu hutoa funzo lisilotazamiwa: FF0000, ule mkali unaodhaniwa kuwa hauwezi kupuuzwa, ukiandikwa juu ya nyeupe hupata karibu 4 kwa 1, nao hautoshi, DC143C hupata karibu 5, nao watosha, na damu ya mzee, iliyo tulivu kuliko zote, hupata karibu 11. Rangi inayopiga kelele haisomeki vizuri kuliko ile iliyonyamaza, na jambo hili halikujulikana kwa kuitazama amri, bali kwa kuwakumbuka wasomaji.

Asidhani mtu, kwa hayo niliyoyasema, kwamba naitaka dunia irudi kwenye kukadiria kwa macho na kuapa kwa maneno. Mfanyabiashara wa Mombasa anayeiuza leso ya kisutu kwa njia ya mtandao, ile nyekundu na nyeusi na nyeupe ambayo bibi arusi hupambwa nayo, ana deni kwa mnunuzi wake aliye Maskati, nalo ni kwamba wekundu anaouonyesha uwe sawa, kwa kadiri vyombo vinavyoweza, na wekundu atakaoupeleka. Deni hilo halilipwi kwa mashairi; hulipwa kwa hesabu. Kurani, katika Sura ya Ar-Rahman, imeitaja mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, na imewaamuru watu wasipunje katika kupima. Na katika Sura ya Ar-Rum imezitaja tofauti za ndimi na rangi za watu miongoni mwa ishara kwa wenye ujuzi. Sioni kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Mizani ni ya haki iliyo baina ya mtu na mtu, na haki hiyo haihitaji kujua kilichomo moyoni mwa mnunuzi. Yahitaji tu neno lile ambalo watu 17 waliulizwa, sawa au si sawa. Ishara ni ya mtu na Mola wake, nayo haigawanyiki kwa 256.

Kosa, basi, si kuupima wekundu, bali ni kulichukua jibu la swali moja ukalitoa katika swali jingine. Mwenye kuikataa hesabu kwa sababu haimpi ladha ya rangi, ameikosea hesabu, kwani haikuahidi ladha. Na mwenye kuikataa ladha kwa sababu haiingii katika hesabu, amemkosea mwanadamu, kwani hesabu yenyewe iliomba ushahidi wake ndipo ikapata kuwapo. Fundi aliyeelewa hivi ataandika tarakimu zake kwa uangalifu wote, kwa kuwa ni amana baina yake na watu asiowaona. Kisha hatatosheka nazo, bali atamwita mtu mwingine atazame, na ikiwezekana mtu ambaye macho yake si kama yake, amuulize swali ambalo chombo hakikuuliza, naye aliamini jibu lake hata pale asipoweza kulihakikisha.